Kulenga kwa kusimama au kwa kuegemea? Nimemkosa kongoni mita themanini, njooni tujadili

Kisosi cha Tabata (mtoa mada)

Wakuu salaam, wazee shikamooni.

Naanza na aibu yangu mwenyewe ili msije mkanicheka katikati ya uzi. Mwaka jana mwezi wa saba nilikata leseni, nikajaza mafuta, mimi na shemeji yangu tukashuka kusini hadi upande wa Liwale. Siku ya pili alfajiri tukamkuta kongoni juu ya kichuguu, kasimama kama mlinzi wa benki, ubavu wote kanipa mimi. Mita themanini, tisini zikizidi. Bunduki ni ya risasi za .30-06, darubini nimeirekebisha mwenyewe hapa Dar, mezani, mfuko wa mchanga chini ya bunduki. Mita mia, risasi tatu zinafunikwa na kikombe cha kahawa, vile vidogo vya wauza kahawa wa Kariakoo. Kwa hiyo nilikuwa najiona fundi.

Nikasimama, nikanyanyua. Msalaba wa darubini ukaanza kucheza: begani, angani, kwenye nyasi, begani tena. Nikauvizia unapopita begani, nikavuta. Kongoni akageuka, akanitazama, kisha akaondoka na ule mwendo wake wa kudundadunda. Wala hakukimbia sana. Hiyo ndiyo iliyoniuma.

Kijana wa pale kijijini aliyekuwa anatuongoza hakusema neno. Alinyoosha kidole tu kwenye mti wa mninga uliokuwa hatua mbili kushoto kwangu.

Nimerudi Dar, juzi nikaenda uwanja wa shabaha nikajipima kwa haki. Nimebandika sahani za karatasi, zile za shughulini, upana sentimita ishirini hivi, kwa sababu moyo na mapafu ya swala pala ni karibu eneo hilohilo. Mita mia, risasi tano kila mkao. Kulala kifudifudi: tano. Kukaa kitako: tano, moja imegusa ukingo. Kupiga goti: tatu. Kusimama bila kuegemea kitu: moja, na hiyo moja nadhani ni huruma ya Mungu.

Swali langu: risasi ni ghali na muda hakuna. Nizimalizie kwenye kusimama hadi nijue, au niachane nako kabisa nijifunze kuegemea?

---

Nipo Paleee

Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu. Ila mkuu, huyo kongoni akisimulia kwao atasema alikutana na mtu anayepunga mkono.

---

Mstaafu wa Mbagala

Marahaba kijana.

Nimekaa porini miaka mingi, enzi hizo tunaitwa mabwana nyama, na nimewaona wageni wa kila taifa wakikosa mnyama mkubwa kama gari. Wengi wao walikuwa na tatizo lako: wamefundishwa na meza. Meza haikosei, ndiyo maana haifundishi. Pale unapima bunduki na darubini. Wewe mwenyewe hujapimwa.

Hesabu ni fupi. Bunduki ina urefu wa mita moja hivi. Mdomo wa mtutu ukihama milimita moja, kwenye mita mia risasi imehama sentimita kumi. Sasa simama, nyoosha mkono, tazama kidole chako. Kinahama milimita ngapi? Na hapo hujapanda kilima, hujaona pembe, moyo haujaanza kugonga.

Kwa hiyo jibu langu kuhusu porini: usipige kwa kusimama bila egemeo kama kuna namna nyingine yoyote. Namna huwa ipo. Mti upo, kichuguu kipo, gogo lipo. Huyo kijana wa Liwale amekufundisha bure, na wewe umelipia leseni.

Ila usikimbilie kulala chini. Kulala ni kuzuri uwanjani kwenu huko. Mwezi wa saba kwenye miombo nyasi hazijachomwa, zinakufika kifuani. Ukilala unaona mashina ya nyasi na sisimizi. Kukaa kitako pia mara nyingi huoni kitu hadi moto upite, mwezi wa nane au wa tisa. Hii ndiyo sababu mwindaji bingwa yeyote nchini hatembei bila mtu wa kumbebea panda: mianzi mitatu imefungwa karibu na juu kwa mpira wa tyubu. Unasimama ili uone, na bado umeegemea.

---

Fundi Spea

Mzee umemaliza. Mimi naongeza kwa ukali kidogo: kupiga kwa kusimama bila egemeo ni ujinga na ni dhuluma kwa mnyama. Kwa nini mtu apoteze hata risasi moja kujifunza kitu ambacho hatakiwi kukifanya? Zote zipeleke kwenye panda.

---

Dada wa Shabaha

Fundi, hapo napingana na wewe, tena sana.

Mimi napiga bunduki ya upepo, mchezo wa mita kumi, mwaka wa sita sasa. Ule mchezo wote ni kusimama. Duara la pointi kumi lina upana wa nusu milimita, yaani nukta ya kalamu, na hakuna pa kuegemea. Sikatai kwamba sisi tunavaa koti gumu na hakuna swala anayetusubiri. Ninachosema ni kwamba kusimama kunaonyesha kila kosa ambalo meza inalificha. Ukinyakua triga mezani, mfuko wa mchanga unakusamehe. Ukinyakua umesimama, unaliona kosa papo hapo kwenye karatasi.

Mtoa mada, kosa lako lipo kwenye sentensi yako mwenyewe: "nikauvizia unapopita begani, nikavuta." Hilo ndilo lililompa kongoni uhai. Ubongo unaona, unatuma amri, kidole kinatii, na msalaba umeshaondoka zamani. Tena kidole kinapotii kwa ghafla, mkono mzima unakwenda nacho. Msalaba hautasimama kamwe, sahau. Ukubali ucheze. Kazi yako ni kuufanya ucheze ndani ya sahani, huku kidole kinaongeza uzito polepole mpaka bunduki ilie yenyewe, kwa kukushtukiza.

Halafu mifupa. Wanaume wengi mnabeba bunduki kwa misuli ya mkono wa kushoto, kiwiko kimetoka nje kama mnanyanyua gunia. Lete kiwiko chini ya bunduki, kikae karibu na mbavu. Misuli inachoka na kutetemeka, mfupa hauchoki. Kisha fumba macho, vuta pumzi, toa, fumbua. Msalaba uko wapi? Ukiwa kulia kwa shabaha usiusukume kwa mikono. Sogeza unyayo. Ukiusukuma kwa nguvu, sekunde ya kufyatua mwili utaurudisha ulikotoka.

Na usikae juu ya shabaha muda mrefu. Pumzi ikishatoka nusu una sekunde saba, nane. Zikipita hujafyatua, shusha bunduki, pumua, anza upya. Jicho likikosa hewa linakudanganya.

Yote haya yanahamia kwenye panda, kwenye goti, kwenye mti. Anayeweza kuweka tatu kati ya tano kwenye sahani mita hamsini akiwa amesimama tu, mpe panda uone.

---

Fundi Spea

Dada, nusu nimekubali. Nusu nyingine nitaendelea kubishana nikishakula.

---

Kisosi cha Tabata

Dada nashukuru, umenipiga kofi la heshima. Mzee, swali: nikipata mti, naegemeza mtutu au mbao ya bunduki? Maana siku nyingine nilijaribu kwenye tawi na risasi ikapaa juu kabisa.

---

Mstaafu wa Mbagala

Ilipaa kwa sababu ulilaza bunduki juu ya kitu kigumu. Bunduki inaporusha teke huwa inaruka kidogo, na kitu kigumu kinaisukuma iruke zaidi, tena kabla risasi haijatoka mdomoni. Mtutu usiguse kitu chochote, kamwe. Weka kiganja chako kwenye gome la mti, tandaza dole gumba nje, bunduki ilale pale kwenye pembe ya dole gumba na kiganja. Mkono uwe katikati ya mti na bunduki. Kwenye kichuguu au jiwe weka kofia, begi, au shati lililokunjwa.

Kwenye goti watu wanakosea sehemu moja: wanaweka ncha ya kiwiko juu ya kifuu cha goti. Mfupa wa duara juu ya mfupa wa duara, lazima uteleze. Sogeza kiwiko mbele ya goti, ile nyama ya nyuma ya mkono ikae juu ya goti. Ukikaa kitako, viwiko viwe upande wa ndani wa magoti, na miguu uitawanye. Kijana umepata tano kwa kitako na tatu kwa goti, na mimi nadhani kiwiko ndicho kilichokula zile mbili.

Mkanda wa bunduki nao si wa kubebea tu. Ingiza mkono wa kushoto ndani yake, uzungushe mara moja, ukaze. Utashangaa.

Jambo la mwisho, na hili naliandika kwa uchungu: usimwegemeze bunduki begani kijana anayekuongoza. Kuna wakati tulikuwa tunafanya hivyo kwa wageni wenye haraka. Sikio langu la kushoto siku hizi linasikia mvua hata kiangazi. Wajukuu wakitaka kuniomba hela wanakuja upande wa kulia.

---

Mama Wawili Kigamboni

Pole sana mzee wangu.

Mimi sipigi, mume wangu ndiye mpigaji, lakini naomba niseme la jikoni. Huku kwetu mnyama akipigwa tumboni akakimbia, mkamkuta baadaye keshakufa, ameshakuwa kibudu. Nusu ya watu wa nyumba hawamgusi. Akipigwa vizuri anaanguka palepale, anawahiwa, anachinjwa, wote tunakula. Kwa hiyo kwangu mimi mjadala wa kuegemea si wa ufundi, ni wa sufuria.

---

Nipo Paleee

"Si wa ufundi, ni wa sufuria." Mama nakuomba uongoze uzi huu.

---

Mgeni wa Shina

Nimecheka peke yangu kwenye mwendokasi watu wananitazama.

Wakuu, kuhusu gharama za risasi: fanyeni mazoezi ya kufyatua bila risasi nyumbani. Ni bure na ndiko kidole kinakofundishwa. Lakini msikilizeni aliyeungua. Kwangu ni uswahilini, nyumba zinabanana. Jioni moja nimepiga goti sebuleni, bunduki tupu kabisa, nalenga swichi ya taa ukutani. Pazia nimesahau kulifunga. Dakika ishirini baadaye mlango unagongwa: mjumbe wa shina, vijana wawili wa ulinzi shirikishi, na nyuma yao jirani yangu mama muuza vitumbua, kajifunga kanga kwa mkazo. Wameambiwa nimeteka mtu. Mke wangu alikuwa jikoni anakaanga samaki, hajui hili wala lile, akatoka na mwiko mkononi, na hapo ndipo hali ilipozidi kuwa mbaya.

Kibali kikaonekana, mjumbe akasoma mstari kwa mstari, soda zikanywewa, yakaisha. Tangu siku hiyo utaratibu wangu ni huu: risasi zote zinafungiwa chumba kingine kabla bunduki haijatoka kabatini. Nafungua komeo, natazama chemba kwa macho, napapasa kwa kidole, narudia mara ya pili. Nalenga ukuta wa tofali, kamwe si mlango wala dirisha. Pazia limefungwa. Dakika kumi, basi, bunduki inarudi kabatini. Mwenye .22 ya zamani, ile bunduki ya risasi ndogo, asifyatue tupu hovyo, pini ya kufyatulia hugonga ukingo wa chemba ikaharibu. Tumia risasi bandia.

---

Fundi Spea

Nimekula, nimerudi.

Dada, nakiri kitu hapa mbele ya jamii. Nina .375 ya marehemu baba. Wanaojua wanajua, ni risasi iliyotoka tangu mwaka 1912 na ndiyo kipimo cha kuanzia kwa mbogo. Inarusha teke la punda. Nilikuwa napiga panda, napiga mezani, sipati, nasema darubini imeharibika. Nimebadilisha darubini mara mbili! Siku moja rafiki akaniambia, nipe nikupakie mimi, usitazame. Mara anaweka risasi ya kweli, mara anaweka bandia. Ilipofika ya bandia nikavuta: "tik", na mdomo wa mtutu ukaenda chini kama unasujudu. Watu wote waliona. Mimi mwenyewe niliona. Nilikuwa nashtuka kabla ya mlio.

Nimetumia miezi mitatu na .22 ya kuazima, nimesimama, kama dada alivyosema, ndipo nikarudi kwenye .375 risasi nne nne tu kwa siku, zote kwenye panda. Mezani sikuigusa tena, kwa sababu ukikaa mezani mwili umeinama mbele na bega ndilo linalokula teke lote. Ukisimama mwili unayumba nalo. Kwa hiyo ndiyo, kusimama kuna faida. Lakini porini bado nasema ni dhuluma.

---

Dada wa Shabaha

Porini hata mimi nitatafuta mti, Fundi. Hatujawahi kugombana, tulikuwa tunapishana barabarani.

---

Mstaafu wa Mbagala

Panda tengenezeni wenyewe, msinunue za dukani za alumini zinazolia "kling" kila hatua. Mianzi mitatu mikavu, minyoofu, unene wa dole gumba, mirefu kukufika mdomoni. Funga shubiri moja kutoka juu kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, ukaze lakini uache ifunguke. Pale juu zungusha tyubu nyingine ili bunduki isiguse mwanzi mtupu. Kimo ndiyo siri: bunduki ije kwenye jicho lako, usiinamie. Ukiinama shingo inachoka. Panda ikiwa fupi tawanya miguu yako wewe, usibanane nayo. Kisha egemea mbele kidogo, uzito kwenye vidole vya miguu.

Zoezi lenyewe si kupiga. Zoezi ni kufika. Panda iko begani, bunduki iko begani, mwenzako anasema "sasa", uwe umesimamisha, umelaza bunduki, umelenga ndani ya sekunde sita. Fanya mara hamsini uani bila risasi. Mnyama hasubiri mtu anayekunjua mianzi kama mwamvuli.

---

Kisosi cha Tabata

*(miezi sita baadaye)*

Wakuu nimerudi, uzi wangu nauamsha mwenyewe.

Mianzi niliipata Kisarawe, tyubu nimepewa bure na fundi baiskeli Buguruni aliyedhani naanzisha kibanda. Risasi chache tu nimetumia uwanjani tangu tulipoandikiana, na mezani nimepiga tatu, za kuhakiki darubini. Kila Jumamosi kabla ya kupiga napanda ngazi za jukwaa mara mbili ili moyo ugonge. Matokeo ya mwisho kabla ya safari, sahani zilezile, mita mia: panda, tano. Kitako, tano. Goti, nne, na kweli mzee, kilikuwa kiwiko. Kusimama, mbili! Nikasogea mita hamsini: kusimama, nne. Nikajiwekea mpaka hapo. Bila egemeo sivuki hamsini, hata akisimama simba na bahasha.

Wiki iliyopita tulikuwa kusini tena, yuleyule kijana mbele. Siku ya kwanza swala pala dume, mita mia na kumi, kati ya vichaka. Nyasi zilishaungua, chini kweupe. Panda ilikuwa nyuma kwa shemeji, aliyekuwa amechuchumaa anatoa mwiba. Nikakaa kitako nyuma ya kichuguu, begi juu, nikatoa pumzi. Alikwenda hatua kama ishirini akalala. Shemeji alimwahi na kisu yu hai.

Siku ya pili swala tohe akaibuka kutoka kwenye majani ya kijito, mita thelathini, akasimama kututazama. Si mti, si kichuguu, panda begani. Niliinua tu. Msalaba ulicheza, nikauacha ucheze, kidole kikaendelea na kazi yake. Mlio ulinishtukiza mwenyewe.

Siku ya tatu tuliona pofu, mnyama wa jamii ya swala, dume mkubwa, mita mia mbili na zaidi, upepo unavuma kutoka kwetu kwenda kwake. Nikatazama darubini, nikamtazama kijana. Kijana akakaa chini akatoa muhogo. Tukala.

---

Mama Wawili Kigamboni

Hongera! Hapo kwenye kisu nimefurahi peke yangu.

---

Fundi Spea

Mita thelathini umesimama bila egemeo. Haya, hiyo naihesabu kwa Dada. Moja bila.

---

Mstaafu wa Mbagala

Nimesoma yote kwa miwani. Vizuri kijana.

Sasa, kutoka Tabata hadi Mbagala hata foleni iwe mbaya namna gani ni saa mbili. Leo siku ya sita tangu urudi. Paja langu liko wapi?